Sauti Iliyobaki Bafuni

Spika alijifungia bafuni kwa nia njema. Mama mkwe wake alikuwa amelala chumba cha pili, kifua kimembana tangu alfajiri, na kila mtu pale nyumbani alijua kwamba vumbi kwa mgonjwa wa pumu ni cheche kwenye pamba. Kwa hiyo kabla ya kuwasha grainda, mashine ya kukatia vigae, alifunga mlango, akaziba upenyo wa chini kwa taulo kuukuu, akafunga na kidirisha cha juu kilichoelekea upande wa chumba cha mgonjwa. Kisha akachuchumaa, akakikanyaga kigae kisiteleze, akaanza kukata.

Bafu hilo lilikuwa na kuta za saruji tupu zilizoota ukungu, mweusi kwenye pembe, wa kijani kuzunguka bomba. Tangu mama mkwe aletwe kuishi nao, kila akitoka kuoga alitoka akikohoa, akakaa ukingoni mwa kitanda akitafuta pumzi kama mtu aliyekimbizwa. Mkewe Spika, fundi cherehani aliyefanyia kazi zake hapo hapo sebuleni, ndiye aliyesema kuta zivikwe vigae ili ukungu ukose pa kushika. Walimpata fundi wa vigae. Akaja na futi yake, akapima, akavisifu vigae walivyonunua, akasema anakuja kesho. Ikawa ile kesho ya mafundi, ambayo haina jua wala mwezi. Spika akachoka kungoja. Akasema kupanga vigae si kuendesha ndege. Mtu anayejua kupanga mashati mezani hatashindwa kupanga vigae ukutani.

Alisema na mengine mengi, kwa kuwa kusema ndiyo kazi iliyomlisha. Alikuwa mnadi wa nguo za mitumba. Alisimama juu ya meza yake sokoni, shati mkono huu, gauni mkono ule, akawaita wapita njia kwa sauti iliyovuka mapaa ya mabati mpaka kituo cha mabasi. Watu walijua bei ya suruali kabla hawajaliona soko. Jina la Spika alipewa na wauzaji wenzake, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho. Nyumbani nako hakujua kupunguza. Aliomba chumvi kana kwamba anainadi.

Grainda aliiazima kwa jirani, fundi wa kuchomea vyuma. Jirani alipokuwa akimkabidhi alimwambia akatie nje, penye upepo. Vigae avilowanishe kwanza, ila maji yasikaribie waya. Pua na mdomo avifunge. Wakati huohuo Spika alikuwa akimsimulia jinsi alivyomuuzia mtu koti la baridi mchana wa jua kali, na maneno ya jirani yakapita chini ya kicheko chake. Alichochukua ni miwani ya kazi tu, kwa sababu ilikuwa imening'inia kwenye mashine yenyewe.

Alipotoka bafuni alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kucha, kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa la unga. Mkewe alicheka mpaka akaegemea cherehani. Spika akacheka naye, akakohoa, akanywa maji, akakohoa tena, akaeleza kwa kirefu ukuta wa kwanza ulivyomnyookea. Kweli ulinyooka. Ila yeye alikuwa akijikuna shingoni, na kila sentensi ilitoka fupi kuliko iliyotangulia.

Asubuhi alifungua kinywa amwamshe mkewe, kikatoka kitu kama karatasi inayochanwa.

Mkewe alidhani ni mzaha. Alimwangalia akijaribu tena, akaona mishipa ya shingo imesimama na macho yametoka, sauti hakuna, na hapo akajua si mzaha. Alimpikia maji ya tangawizi. Akamfanya asukutue kwa chumvi. Akamwambia asiende kazini. Spika alitikisa kichwa, akaonyesha kwa vidole kwamba robota jipya la mitumba limeshafunguliwa, akatoka.

Sokoni alipanda mezani kama kawaida. Waliokuwa karibu walisikia mkwaruzo, waliokuwa mbali hawakusikia kitu. Akajikaza. Mkwaruzo ukawa mkoromo, na muuzaji wa viatu wa upande wa pili akasema kwa sauti kwamba leo spika imeungua, nani ana waya. Watu wakacheka, si kwa ubaya, na Spika naye akacheka kwa mabega. Lakini aliendelea kulazimisha. Adhuhuri ilipofika hata mnong'ono ulikuwa umekwisha. Mshindani wake wa kona ya pili, aliyekuwa amenunua kipaza sauti kinachorudiarudia maneno yaliyorekodiwa, alikisogeza karibu kidogo. Kile kidude hakikuchoka wala hakikumeza mate. Spika alikisikiliza kwa muda, akafunga nguo zake, akarudi nyumbani mapema.

Habari zilimtangulia. Majirani walipita mmoja mmoja kusikia jinsi asivyosikika, na kila mmoja alikuja na sababu yake. Yupo aliyesema ni maji ya baridi. Yupo aliyesema ni kijicho cha mwenye kipaza sauti. Mzee mmoja mstaafu alisema sauti nayo ni kitu, huisha kama soli ya kiatu, na Spika ameitembelea sana. Mkewe aliwashukuru wote, akarudi kwenye kushona. Sababu zote zilimkera kwa namna moja: hakuna iliyoeleza kikohozi.

Mama mkwe hakuwa amesema neno. Yeye na mkwewe walistahiana kiasi cha kutosemeshana. Akitaka jambo kwake alimtuma binti yake, hata wakiwa wote watatu wamekaa chumba kimoja. Mchana huo aliketi mlangoni mwa chumba chake, kichwa kimeinama upande, akisikiliza.

"Mwambie mumeo akohoe," alimwambia binti yake.

Spika, aliyekuwa hatua chache kutoka hapo, akakohoa bila kungoja kuambiwa.

"Mwambie tena. Asikibane."

Akakohoa tena. Yule mama akafumba macho, kama fundi redio anayetafuta mahali waya ulipokatika. Alikuwa ameishi na kifua kibovu tangu usichana wake na vikohozi alivijua kwa majina. Akasema mafua yana majimaji, na hiki ni kikavu. Akasema kifua hicho kimekula kitu. Kisha akasimama, akauliza huko bafuni kulifanyika nini hasa.

Akaenda mwenyewe. Binti yake alimwomba asiende, na yeye akajifunga mtandio puani, akasimama kizingitini bila kuingia. Mlango ulikuwa haujafunguliwa tangu jana. Walipousukuma, jua liliingia kupitia kioo cha kidirisha, na ndani ya ule mwanga wakaona unga mwembamba ukielea, mtulivu, kana kwamba mashine imezimwa sasa hivi. Yule mama alipitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakigeuza. Kilikuwa cheupe. Akakisugua na kidole gumba, akasikia mikwaruzo midogo.

"Huu si unga wa kula," alisema. "Hebu niambie, kwa nini alifunga dirisha?"

Binti yake aliliangalia taulo lililokuwa bado limelala chini ya mlango. Akaangalia kule kidirisha kilikoelekea. Alijibu polepole, "Alifunga ili vumbi lisikufikie wewe, mama."

Yule mama alirudi chumbani kwake akakaa, na mtandio alisahau kuufungua puani kwa muda mrefu.

Kwenye zahanati daktari alimuuliza Spika maswali, mkewe akajibu. Havuti sigara. Hajawahi kuugua kifua. Kazi yake ni kuita wateja. Daktari, mwanamke kijana mwenye kalamu iliyokatika kifuniko, alimulika koo, akasikiliza mgongo, akauliza ni kitu gani mgonjwa amefanya siku hizi ambacho hajawahi kukifanya. Mkewe akafungua leso aliyofungia unga wa bafuni, akaiweka mezani.

Daktari aliangalia, akaifunga leso taratibu asiipeperushe. Akaeleza kwamba kigae kimetengenezwa kwa udongo wenye chembe za mchanga, na kikikatwa kikavu zile chembe huwa ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, nazo zina makali. Nyingine hukwaruza koo. Nyingine hushuka mapafuni, na mapafu hayajui kuzitema. Anayefanya hivyo kila siku kwa miaka, kifua chake hugeuka jiwe taratibu, wala hakuna dawa ya kukilainisha. Huyu amefanya mara moja, ndani ya chumba kilichofungwa, halafu akaenda kupiga kelele kwa koo lililovimba. Hilo la kupiga kelele ndilo lililoharibu zaidi.

Alimpa dawa. Akamkataza kusema, na kunong'ona pia, maana kunong'ona ni kulibana koo. Lile bafu lisifagiliwe. Lifutwe kwa kitambaa kibichi. Na kama kikohozi kitakuwa hakijaondoka atakaporudi, wapige picha ya kifua.

Spika akanyoosha mkono. Aligusa koo lake, akafungua kiganja hewani, akakiacha hapo.

"Anauliza kama itarudi," mkewe alisema.

"Itarudi," alisema daktari. "Ila itarudi ipi, hapo mimi sijui. Tutangoja tuisikie."

Nguo za robota hazingoji koo la mtu lipone. Kesho yake mkewe alifunika cherehani, akachukua futi, sindano na uzi, akaenda sokoni na mumewe. Hakuwahi kuuza sokoni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa muda mrefu aliamini kwamba ndivyo alivyozaliwa. Spika alipanda mezani akainua gauni juu, akalizungusha. Mkewe akasimama chini, na kwa kuwa hakujua kuita walio mbali, alisema na walio karibu. Alimgeuzia mteja mshono wa ndani amwonyeshe ulivyo imara. Alimwambia mwingine ukweli kwamba sketi ile itambana, akampa nyingine. Pindo lililofumuka alilishona pale pale, mteja akishika ncha ya pili. Waliopita wakasimama kuona ni nini kinanong'onezwa hapo. Watu ni hivyo. Kelele huwapita, lakini wakiona wenzao wameinamia kitu, lazima nao wachungulie.

Mchana alifika mama mmoja mgeni pale sokoni, mwenye mkoba mkubwa na uso wa upole. Alimuuliza Spika bei ya sweta. Spika akaonyesha kwa vidole. Yule mama alimtazama, akaonyesha kwa vidole bei ya chini; Spika akatikisa kichwa. Ghafla uso wa yule mama ukabadilika kwa huruma. Akaacha kubishana, akatoa bei kamili, na chenji alipopewa akairudisha kwenye kiganja cha Spika, akavikunja vidole vyake juu yake kama afanyavyo mtu kwa mtoto.

"UNUNUE CHAI," alimwambia Spika kwa sauti kubwa, neno moja moja. Kisha, kwa sauti ya kawaida, akamgeukia mkewe. "Masikini. Amezaliwa hivi?"

Muuzaji wa viatu aligeuka ukutani, mabega yakimtetemeka. Mkewe Spika alifungua mdomo aeleze, akamwangalia mumewe. Alikuwa amesimama juu ya meza ile ile ambayo watu walimjia kutoka mtaa wa pili ili tu wasikie anavyotania wateja, kiganja kimefumba sarafu, haya imempanda mpaka masikioni. Mkewe akaona kwamba akieleza, maelezo yatakuwa marefu na mumewe atalazimika kusimama hapo yote yasemwe mbele yake.

"Hapana, mama," alisema. "Anapumzika tu."

Nyumbani siku hizo zilikuwa za ajabu. Mkewe alianza kusikia vitu. Alisikia kwamba bomba la jirani linavuja, na kwamba cherehani yake ina mlio mdogo wa kulalamika kila inapogeuza pindo, akaitia mafuta. Alijisikia na yeye mwenyewe. Akishona alizungumza, mwanzoni ili kuujaza ukimya, baadaye kwa kuwa alikuwa na la kusema: mteja aliyemletea suti ya marehemu ipunguzwe imtoshe mwanawe, ndoto ya kufungua duka lenye kioo cha kujitazama mzima. Spika alikaa karibu akipanga vifungo kwa rangi. Pale ambapo zamani angeingilia kwa mzaha, sasa aliinua macho tu. Mkewe alijikuta ana hamu ya kujua ni nini kinapita nyuma ya macho yale. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi na hakuwahi kuhitaji kujiuliza. Siku zote jibu lilitoka kabla ya swali.

Mama mkwe naye alikuwa akisikiliza. Kila asubuhi alitega sikio ukutani, na kikohozi kilipokuwa kifupi kuliko cha jana alimwambia binti yake, aliyemwambia Spika, ambaye alikuwa ameshasikia.

Bafu likabaki na ukuta mmoja mzuri na nyingine tatu zilizo uchi. Spika alilipita akiinamisha kichwa kama mtu anayemkwepa mdai. Hatimaye jirani, fundi wa kuchomea, alikuja na chombo alichokiazima kwa fundi mwenzake: reli mbili, mpini, na kigurudumu kidogo kikali. Alikiweka uani, mbali na madirisha. Alimwambia Spika atazame, na safari hii Spika alitazama, kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kushiriki. Jirani alikilaza kigae, akakichora mstari mmoja kwa kigurudumu, akakandamiza mpini. Kigae kikasema *tak*, kikawa viwili. Vumbi lililotoka lingetosha kufunika ukucha.

Spika aliinama, akaviokota vile vipande, akaviunganisha, akavitenganisha tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyeonyeshwa kwamba mlango aliokuwa akiusukuma ulipaswa kuvutwa.

"Shemeji," jirani alimwambia mkewe Spika, "nimemweleza mtu huyu jambo, na amelisikia mpaka mwisho. Sijui kama tumtibu au tumwache hivi hivi."

Mabega ya Spika yalicheka kupita ya wengine wote.

Kazi waliifanya watatu. Mama mkwe walimhamishia kwa mke wa jirani mpaka itakapokwisha. Kwanza walifuta bafu zima kwa vitambaa vibichi, kuta, dari na juu ya fremu, dirisha na mlango vikiwa wazi, kila mtu na barakoa yake. Jirani alizima umeme wa bafuni kabla hawajagusa ukuta wenye swichi. Kona za kuzunguka bomba, ambazo kile chombo cha mpini hakikuziweza, alizimegua mwenyewe kidogo kidogo kwa koleo, huko huko uani, kigae kikiwa kimelowa, miwani usoni. Spika alitaka kuchanganya gundi ya vigae, yenye saruji, kwa mikono mitupu, jirani akamrushia glavu, akamwambia saruji haiumi unapoishika; huuma jioni, ngozi ikishaliwa. Spika akavaa. Vipande vyenye ncha vilikwenda moja kwa moja ndooni, na aliyetaka kuingia pekupeku alirudishwa akavae viatu. Mkewe, aliyezoea kulinganisha maua ya kitambaa kwenye mshono, ndiye aliyegundua kwamba mstari wa tatu umeanza kupanda. Wakauvua kabla haujakauka, wakaupanga upya.

Sakafu iliachwa mwisho. Jioni ile, jua likiwa bado uani, mkewe alikuwa sebuleni akishona, jirani ameshaenda kwake, na Spika yuko peke yake bafuni, amepiga magoti juu ya mto kuukuu, barakoa usoni, akijaza saruji nyeupe kati ya kigae na kigae kuelekea mlangoni.

Mama mkwe alirudi bila kuitwa. Alikuwa ameshindwa kuvumilia, alitaka kuona. Alipita sebuleni, akamwashiria binti yake asisimame, akaenda moja kwa moja hadi bafuni. Alipoona zile kuta nyeupe zikimeta mpaka juu, alisahau kila kitu kingine. Akakamata mlango, akainua mguu.

"Mama, simama hapo. Bado mbichi."

Mguu ukabaki hewani. Yule mama akarudi nyuma hatua moja, akaangalia kulia kwake, akaangalia kushoto. Ilikuwa sauti nzito, ya chini, yenye ukungu pembeni, kama ya mtu aliyeketi chumba cha mbali. Hakuijua.

"Nani huyo?" aliuliza.

Mle bafuni palikuwa na mtu mmoja tu, amepiga magoti, mwiko mkononi. Naye alikuwa ameinua uso kwa mshangao, kana kwamba anatafuta aliyesema.

"Ni mimi," ikasema ile sauti.

"Wewe nani?"

Spika alishusha barakoa. Mtu ambaye sauti yake ilijulikana mpaka kituo cha mabasi alilazimika kufikiri ajitambulishe vipi.

"Mkweo, mama."

Cherehani ilinyamaza sebuleni. Mkewe alikuwa amekuja mpaka nyuma ya mama yake, uzi ungali mdomoni, hasogei, kama anayeogopa kumshtua ndege. Yule mama aliinamisha kichwa upande, akalitega sikio lake zuri, akafumba macho.

"Hebu sema tena," alisema. "Sema chochote. Nataka kuisikia vizuri."